Kasha Juu ya Matofali

Jumanne, 24 Machi

Kopo: kavu.

Nimelipandisha leo asubuhi juu ya paa, kopo lile lile la maziwa ya unga ambalo nimelitumia kupimia masika tangu nilipostaafu. Bandarini kazi yangu ilikuwa kuhesabu. Magunia, katoni, mapipa. Kila kilichoshuka melini na kila kilichopanda. Mistari minne, wa tano wa kuikata, na fungu limekamilika. Baada ya miaka thelathini na mmoja mtu hupewa saa ya ukutani na kuagwa, lakini mkono hauambiwi kuwa kazi imekwisha. Sasa nahesabu mvua, kwa vidole, kila saa moja asubuhi.

Chumba changu kiko ghorofani kwa Mzee Shebwana, katika kichochoro kinachoteremka kutoka Ndia Kuu. Nilikuja kwa wiki mbili. Ilikuwa 1997, mwaka wa fujo za Likoni, tulipoondoka kule sisi watu wa bara, kila mtu na alichoweza kukishika. Shebwana alikuwa mwendesha winchi, tukifanya zamu moja. Aliniambia, "Karani, mlete mkeo. Kaeni wiki mbili, mambo yatulie." Wiki mbili hizo zimeingia mwaka wa ishirini na tisa. Eddah wangu alifia chumba hiki, miaka tisa iliyopita. Huko kijijini kwetu, ng'ambo ya Kisumu, mimi ni jina linalotajwa kwenye mazishi tu.

Jioni nilimpitia Bi Mwanakhamis kumpa mkono wa Idi, nimechelewa kwa siku kadhaa kwa sababu ya homa. Nyumba yake ndiyo ya mwisho chini ya kichochoro, imekaa kwenye kibonde kabla ya ngazi za kuteremkia pwani. Magoti yake hayapandi tena, kwa hiyo anaishi ukumbi wa chini, yeye na kasha lake la mvule. Kasha haliwezi kupelekwa juu. Liliingia nyumbani kabla ngazi hazijajengwa. Tangu kule juu kulipotandazwa matofali ya saruji barabarani, miaka kumi na mmoja sasa, kila masika maji hushuka na kumwingilia. Basi kasha limepandishwa juu ya matofali, mawili kila mguu, na halijashuka tangu hapo. Bibi ni mfupi. Anafungua kifuniko na kuchukua vya juu, vya chini havifikii.

"Mbarak amesema neno lake," akaniambia huku akinimiminia chai. Mbarak ni mwanawe, mtu mwema, ana fleti Mtwapa, ghorofa ya nne. "Asema maji yakiligusa kasha mwaka huu, n'nahama. Nami nimekubali."

"Umekubali?"

"Nimechoka kubishana, kakangu. Yakiligusa, n'takwenda nikakae hewani kama kunguru. Yasipoligusa, asiniulize tena."

Nilikunywa chai yangu. Mimi najua kuhama kwa wiki mbili kulivyo.

Jumamosi, 28 Machi

Kopo: kavu.

Leo wamekuja vijana kumi na wawili wenye fulana za kijani, mabeleshi, na simu nyingi kuliko mabeleshi. Wanajiita watu wa kujitolea. Wanasema wanazibua mitaro ya kisiwa bila malipo kabla masika hayajakaza. Kiongozi wao ni msichana wa Makupa, Jael, baba yake alikuwa wa reli. Alitusalimu vizuri pale barazani kwa Shebwana, "Sabalkheri, wazee," kisha akaondoka kwenda kufungua mtaro bila kumwambia mtu yeyote kwenye nyumba yoyote. Wakawa wanainua vifuniko mbele ya milango ya watu, na kina mama ndani hawana habari, wengine wanafua, wengine wanaoga, maji yanawatokea vijana miguuni.

Walichimbua tope, wakalipanga pembeni, chungu baada ya chungu. Nilihesabu chungu thelathini na nne. Lori la kuzoa waliliazima Shimanzi. Lilifika saa saba, likasimama Ndia Kuu, na dereva akashuka akakiangalia kichochoro chetu, mikono kiunoni.

"Mmeniita nipitishe lori au uzi kwenye sindano?"

"Mjomba, jaribu kurudi nyuma," akasema kijana mmoja mrefu aitwaye Griffins.

"Nirudi nyuma niende wapi? Hii si njia, hii ni korido ya paka!"

Akaenda zake. Wakapiga picha na chungu zao wakaenda zao pia. Shebwana akatikisa kichwa. "Wamekuja kujitazama hao." Mjukuu wake Fumo, wa miaka kumi na tisa, alikuwa ameketi kwenye ngazi siku nzima, macho kwenye simu. Hakuna aliyemtajia hilo.

Jumatatu, 30 Machi

Kopo: vidole vitatu.

Mvua ya kwanza ya maana. Chungu zote thelathini na nne zimerudi mtaroni, na zimekwenda na taka nyingine. Barazani tumecheka hadi Gunga, muuza kahawa wetu, akamwaga kikombe. Sikucheka nilipoteremka: maji yalifika kizingitini kwa Bi Mwanakhamis, yakasita, yakaondoka.

Jumamosi, 4 Aprili

Kopo: kidole kimoja.

Wamerudi. Hilo sikulitarajia, na naliandika kwa sababu nilisema wazi mbele ya watu wanne kwamba hawatarudi.

Kabla ya beleshi kugusa chochote Jael alipita nyumba hadi nyumba. Nilimsikia kutoka juu. "Hodi. Sabalkheri, mama. Sisi ndio wale wa juzi tuliowarudishia tope. Tumekuja kuomba radhi, na kuwauliza tufungue saa ngapi ili tusiwakatize." Wengine walimjibu kwa mkato. Mmoja alimwambia, "Na mara hii mumekuja na ndege?" Akacheka pamoja naye, akaandika saa kwenye kiganja chake, akaenda mlango wa pili.

Hawakuja na ndege, walikuja na mikokoteni mitatu. Yuko fundi kati yao, Kitsao, kijana wa maneno machache, ambaye amu yake, ndugu wa babake, ni hamali wa soko la Marikiti. Mahamali hupumzika baada ya adhuhuri, soko likilegea, na amu amewaazima mikokoteni kwa sharti irudi imeoshwa. Mkokoteni unapita kwetu, na nafasi ya paka inabaki. Nilivuta kiti dirishani nikahesabu: safari arobaini na moja.

Walipopumzika niliteremka. Nilimuuliza Jael kwa nini anafanya kazi ya kibarua bila ujira, naye ana diploma. Nilimuuliza kwa ukali kidogo, nakiri.

"Nimemaliza chuo miaka miwili sasa, mzee. Barua za kazi nimepeleka mpaka nimeacha kuhesabu."

"Usiache kuhesabu."

Akacheka. "Nikikaa nyumbani naona kama nimefutwa. Nikiinua kifuniko cha mtaro, najua kilichokuwa chini yake na najua nilichokiondoa. Mtu akipita bila kuruka dimbwi, ni mimi. Hanijui, lakini ni mimi."

"Na picha?"

"Picha ni za kuwaita wengine. Nyinyi zamani mlikuwa na nini?"

Nikamwambia zamani palikuwa na mbiu ya mgambo: ikilia, mtaa mzima unatoka na majembe, na kazi hiyo iliitwa msaragambo. Alilirudia neno hilo mara mbili. Griffins akainua simu yake. "Basi mbiu yetu inalia mfukoni, mzee."

Nilipanda juu nikiwaza kwamba nimemuuliza swali la mtu asiyewahi kupewa chumba bure.

Jumapili, 5 Aprili. Pasaka.

Kopo: nusu kidole. Kanisani, kisha pilau kwa Shebwana kama kila mwaka. Yeye hunipikia Pasaka na mimi humnunulia tende za Ramadhani.

Alhamisi, 9 Aprili

Kopo: vidole vitatu na nusu. Mtaro umesafishwa juu mpaka chini, na bado maji yamefurika kichochoroni. Yameingia kwa Bi Mwanakhamis, yamelowesha mkeka. Matofali yamelowa kwa chini.

Jumamosi, 11 Aprili

Kopo: kidole kimoja.

Nina jambo la kuandika, na nimezunguka meza mara tatu kabla ya kukaa.

Jael alikuja kuniuliza mimi. "Mzee, wewe unahesabu kila kitu. Tusaidie kuhesabu maji." Nikafurahi, nikiri. Nikapanga kazi kama tulivyokuwa tukitafuta shehena iliyopotea: usitafute kila mahali, gawa njia, uone imepotelea kipande gani. Tukachukua buluu ya kufulia, tukaikoroga kwenye ndoo kumi, tukamwaga juu kabisa. Vijana wakasimama kwenye vifuniko wakiangalia. Kifuniko cha kwanza, buluu. Cha tano, buluu. Cha tisa, buluu, tena mbio. Baada ya cha tisa mtaro unapita chini ya baraza la Shebwana. Upande wa pili wa baraza tulingoja dakika kumi na moja kwa saa yangu, na buluu ilipotoka ilikuwa uzi tu, kama mate ya mtoto.

Kitsao akaingiza ufito. Uliingia futi moja ukagonga.

"Kuna kitu humu," akasema.

Najua kuna nini humu. Kuna bomba la inchi nne, na mimi ndiye niliyelishika.

Mwaka 1998, wiki zetu mbili zilipokuwa zimeshakuwa miezi, baraza lilikuwa fupi. Wazee wanne walienea, wa tano, yaani mimi, nilisimama. Kila jioni nilisimama na kikombe changu nikisema sijachoka. Siku moja Shebwana akaja na mawe na simiti, akalirefusha baraza kwa mkono mmoja na nusu, juu ya mtaro wazi. Chini akalaza bomba ili maji yapite. Nililishika huku yeye akijenga. Alipomaliza akapangusa mikono, akasema, "Sasa kaa. Mtu haalikwi akasimama." Nimekaa hapo miaka ishirini na minane.

Jael akaniangalia. "Mzee, baraza hili lilijengwaje?"

Nikamwambia nitauliza.

Jumatatu, 13 Aprili

Kopo: vidole viwili. Sikuuliza.

Jumatano, 15 Aprili

Kopo: vidole viwili na nusu.

Nimemwambia Shebwana, baada ya alasiri, tukiwa wawili. Nilimweleza habari ya buluu, na ya dakika kumi na moja. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Kwa hivyo wataka nilivunje."

"Sisemi hivyo."

"Wasema hivyo kwa adabu. Baraza hili babangu aliketi. Wewe umeketi. Leo waja watoto wa Makupa na fulana zao, wanitilia rangi mtaroni, na wewe wawahesabia ndoo!"

"Si la babako, kipande hicho. Ni changu."

Akasema kwa sauti ya chini, na naiandika kama alivyoisema: "Ndiyo sababu silivunji."

Akaingia ndani. Gunga alipofika na dele lake la kahawa hakumkuta mtu.

Jumamosi, 18 Aprili

Kopo: kidole kimoja. Vijana walikuja. Jael alimwendea Shebwana kwa heshima, akakataliwa bila heshima. Griffins alitaka kubisha, Jael akamshika mkono. "Baraza ni lake. Hatukuja kuvunja mtu." Wakaenda kusafisha mtaro wa nyuma ya Marikiti. Hawakuniuliza kama niliuliza.

Jumatano, 22 Aprili

Kopo: vidole vitatu. Kahawa nimeinywea chumbani, siku ya saba.

Jumatano, 29 Aprili

Kopo: limefurika. Kwa hiyo sijui mvua ilikuwa kiasi gani, mara ya kwanza tangu nianze.

Ilianza alfajiri. Kufikia saa mbili asubuhi kichochoro kilikuwa mto, na kifuniko cha tisa kilikuwa kinarusha maji juu kama nyangumi wa kwenye vitabu. Nilivaa mabuti ya bandarini nikateremka nikishika ukuta. Mlango wa Bi Mwanakhamis ulikuwa wazi. Ndani maji yalishafika katikati ya tofali la kwanza, na yeye alikuwa ameketi juu ya kasha, miguu ameikunja, buibui amelifunga kiunoni, tasbihi mkononi.

"Bi Mwanakhamis, shuka twende juu kwetu."

"Mimi hapa sishuki. Yakitaka kuligusa na yaniguse nikiwa juu yake, nisije nikaambiwa na watu."

Sikuwa na namba ya simu ya Jael. Niliyekuwa naye karibu ni Fumo, aliyesimama kwenye ngazi za babu yake akiipiga picha mvua. Nikatoka mlangoni nikampigia kelele, mimi ambaye sijawahi kumpigia kelele mtoto wa nyumba ile. "Fumo! Unawajua wale vijana wa fulana?"

"Nawafuata kwenye simu."

"Basi piga mbiu!"

Aliandika kwa vidole gumba, haraka kuliko karani yeyote niliyefanya naye kazi. Kisha akanitazama, akaitazama simu, akaifunga ndani ya mfuko wa nailoni, akaingia majini. Hakuna aliyemtuma. Naliandika hilo waziwazi.

Katika nusu saa walikuwa wanne, katika saa moja walikuwa kumi na mmoja. Kitsao alikuja na magunia matupu ya vitunguu kutoka kwa amu yake, wakayajaza kokoto na kuyapanga kizingitini. Hayakuzuia maji yote, lakini yaliyachelewesha. Jael akawapanga mstari: kutoka ukumbini, kupitia ua wa nyuma, mpaka kwenye ngazi za pwani, ndoo zinakwenda zimejaa na kurudi tupu. Mimi nilikaa daraja la tatu la ngazi ya ndani na daftari langu. Mistari minne na wa kukata. Sikuwa na nguvu ya kuinua ndoo, na mtu asiyeweza kuinua aweza kuwaambia wanaoinua wamefika wapi.

"Mia mbili!" nilipaza sauti.

"Bibi, wewe mbona huteki?" Griffins akamtania. "Umekaa huko juu kama nahodha!"

"Nahodha hafui maji! Fua wewe, miguu mirefu hiyo ya bure!"

Walicheka wote, na ndoo zikaongeza kasi. Nimeona makuli wa kulipwa wakifanya kazi, na nimewaona wakiimba. Kazi ya leo ilikuwa tofauti. Walikuwa wanaangalia matofali. Kila mmoja aliyepita na ndoo aligeuza shingo kwanza. Maji yalimaliza tofali la kwanza saa nne. Yakaanza la pili.

Saa tano Mbarak akafika na pikapu, ameiacha Ndia Kuu, suruali imelowa mpaka mapajani. Akasimama mlangoni akimwangalia mamake juu ya kasha na watoto wa watu wasiojulikana wakipitisha ndoo mbele yake.

"Mama, yatosha sasa. Twende."

"Yamegusa?"

"Mama..."

"Nimekuuliza, yamegusa?"

Mbarak akainama akaweka kidole kati ya maji na mbao. Ukumbi wote ukasimama. Hata mimi niliinua kalamu.

"Kimebaki kidole kimoja."

"Basi kidole si kugusa. Vua viatu, kuna ndoo hiyo."

Akavua viatu. Aliingia kwenye mstari kati ya Fumo na Kitsao. Mvua ilipungua saa sita na robo, na hawakuacha mpaka sakafu ilipoonekana. Ndoo elfu moja mia mbili na kumi na tano. Yaani mafungu mia mbili arobaini na matatu, hakuna baki.

Nilipopanda kurudi, Shebwana alikuwa amesimama mlangoni mwake, pale pale alipokuwa asubuhi. Alimwona mjukuu wake akipanda kichochoro, amejaa tope, mkono juu ya bega la Griffins.

"Karani," akasema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu kwa wiki mbili. "Ndoo ngapi?"

Nikamwambia. Akaingia ndani.

Alhamisi, 30 Aprili

Kopo: kidole kimoja.

Hodi asubuhi. Shebwana mwenyewe, amepanda ngazi na goti lake bovu, na nyundo mkononi.

"Kipande hicho ni chako, umesema. Basi sivunji bila ruhusa yako."

Nikamwambia vunja.

"Jumamosi," akasema. "Na wale wawepo. Waambie wasije na lori."

Jumamosi, 2 Mei

Kopo: kavu, kwa bahati.

Kitsao hakutaka mawe yapotee, kwa hiyo niliyaandika namba kwa chaki, moja mpaka thelathini na saba. Shebwana alipiga nyundo ya kwanza, akampa Fumo. Saa nne bomba likaonekana. Kitsao akalipasua kwa tindo, na tukainama wote kutazama kilichokuwa kikimfurikia Bi Mwanakhamis.

Ilikuwa kahawa. Makapi ya kahawa, meusi, magumu kama lami, tabaka juu ya tabaka; na ndani yake vizibo vya soda tulivyochezea dama, vilivyotuponyoka. Kila magharibi Gunga humwaga makapi ya dele pale pembeni, nasi humalizia vikombe vyetu hapo hapo. Hakuna aliyewahi kumwambia asimwage. Takataka za vijana wa mtaani tulizoea kuzitaja kila siku.

"Niliwaambia kahawa yangu nzito," akasema Gunga, na Shebwana akacheka mpaka akashika ukuta.

Niliona huo ndio wakati. Niliwaambia vijana kuwa bomba nililishika mimi, na kwamba nililijua.

"Tangu lini, mzee?" Jael akauliza.

"Tangu siku ya buluu."

Alihesabu kimya, niliona midomo yake. "Wiki mbili na nusu kabla ya mafuriko. Ungetuambia, tusingekuuliza wewe uchague kati ya rafiki yako na Bibi. Tungebeba pamoja."

"Ndiyo. Ilinipasa niwaambie."

Hakusema "si kitu," na nilimheshimu kwa hilo. Alinipa chaki. "Namba kumi na tisa imefutika, mzee. Iandike tena."

Jumapili, 3 Mei

Kopo: nusu kidole. Tumekunywa kahawa tukiwa tumesimama, wote watano. Gunga alibeba makapi yake nyumbani kwenye kopo.

Jumamosi, 16 Mei

Kopo: vidole vinne.

Baraza limekamilika wiki hii. Mawe yote thelathini na saba yako mahali pake, ila sasa kipande changu kimesimama juu ya nguzo mbili fupi, na chini yake mtaro hauna bomba, na una kifuniko chenye vishikio viwili vya chuma ambacho hata mzee aweza kukiinua. Kitsao alikisugua kwa mkono mpaka kikalainika.

Na leo mvua ikaja kukijaribu. Tuliketi sisi watano, na Jael na Fumo wamechuchumaa mlangoni. Nilisikia maji yakipita chini yangu, mengi, kwa haraka. Baada ya kitambo Fumo akateremka kuangalia, akarudi.

"Kwa bibi kukavu."

"Kukavu vipi?" nikamuuliza.

"Kukavu, babu. Paka wake amelala mlangoni."

Fumo ameanza kupita na Jael nyumba hadi nyumba katika kichochoro kinachofuata, kwa sababu yeye anajua mlango gani una mgonjwa na mlango gani una mbwa. Watu wa kujitolea wameongezeka; wa mtaani petu peke yao ni sita. Mmoja aliniuliza kama kujitolea kunaandikwa kwenye barua ya kuomba kazi. Nikamwambia aandike, na aandike idadi.

Jumatano, 27 Mei. Idi.

Kopo: kidole kimoja. Mbarak amekuja na watoto kula kwa mamake. Hakuuliza swali lolote.

Jumamosi, 6 Juni

Kopo: kavu, siku ya tano.

Bi Mwanakhamis alitutumia ujumbe: tuje, wenye nguvu na wasio na nguvu. Tukaenda, mimi, Shebwana, Jael, Griffins, Kitsao na Fumo. Alikuwa amefagia, amefukiza udi, na amesimama kando ya kasha.

"Mimi n'nakaa hapa," akasema. "Basi na lenyewe likae chini. Lishusheni."

Walilibeba wanne. Griffins alilalamika kuwa ndani kuna meli. Matofali manane yakatolewa, mekundu kwa juu na meusi kwa chini, na kasha likakaa sakafuni, mahali ambapo sakafu yenyewe ilikuwa imebaki nyeupe kwa kukosa kukanyagwa.

Akafungua kifuniko. Akainama, akaingiza mkono mpaka begani, na uso wake ukawa kama wa mtu anayesikiliza. Alitoa leso zilizofungwa, chetezo, kitabu cha nikaha yake. Kisha kutoka chini kabisa akatoa kitu kilichokunjwa ndani ya karatasi ya kaki, akanipa mimi.

Nilikijua kabla ya kukifungua. Kilikuwa kitambaa cheupe cha kufuma kwa sindano, chenye ua la pembe nane katikati. Kilikuwa kikifunika redio yetu Likoni. Siku tuliyokimbia mimi nilishika vitabu viwili na hati zangu za kazi. Eddah alishika hicho.

"Alinipa nimuwekee," akasema Bi Mwanakhamis. "Alisema, sikitandiki hapa kwa watu, nitakitandika tukipata nyumba yetu. Alipokufa nilitaka kukupa, na kasha lilikuwa juu, mkono haufiki. Nikaona haya kumwambia mtu anitolee amana ya mwenzangu."

Jael alitazama pembeni.

"Haya, yachukueni matofali," Bibi akawaambia vijana. "Huko mwendako kuna mtu atayataka mpaka mumalize."

Wakayapakia kwenye mkokoteni, manane, nikayahesabu.

Nimerudi chumbani. Meza yangu nimeiondolea vitabu, nimeifuta vumbi, na nimekitandika kitambaa. Kinaning'inia kidogo upande wa dirisha. Meza ni ndogo kuliko redio ilivyokuwa. Nimeandika ukurasa huu juu yake, na kwa kuwa wino wangu huvuja, nimeweka karatasi chini ya mkono.